Mkate wa ngano nzima wa nyumbani: lishe yake inatoka wapi, na inapotelea wapi

Anayejua tofauti ya dona na sembe tayari ameshika nusu ya habari hii. Mahindi yakikobolewa, ganda na kiini huondoka, unga unakuwa mweupe na laini, na sehemu kubwa ya vitamini na madini inabaki mashineni kwenye pumba za kulishia kuku na ng'ombe. Ngano nayo ni hivyo hivyo. Nusu ya pili ndiyo inayowachanganya wengi: mkate wa ngano isiyokobolewa una virutubishi vingi kuliko vile ambavyo mwili unafaulu kuvichukua, na kiasi kinachochukuliwa kinategemea mambo yanayoamuliwa jikoni na mezani. Ndiyo maana mkate wa kuoka nyumbani unastahili mjadala wake wenyewe. Nyumbani mwokaji ndiye mwenye kauli juu ya unga, muda wa kuumua, chumvi, sukari na mafuta. Akinunua dukani, yote hayo yameshaamuliwa na mtu mwingine.

Punje ya ngano ina sehemu tatu. Ganda la nje, ambalo likisagwa ndiyo pumba, ni kama asilimia 14 ya uzito wake. Kiini, yaani mche mchanga unaosubiri kuota, hakifiki hata asilimia 3. Iliyobaki, asilimia 83 hivi, ni sehemu nyeupe iliyojaa wanga na protini, akiba ya chakula cha mche huo. Unga mweupe tunaoujua ni hiyo sehemu ya tatu peke yake. Nyuzinyuzi nyingi ziko kwenye ganda, na chini tu ya ganda kuna tabaka jembamba lililobeba sehemu kubwa ya madini ya chuma, zinki na magnesiamu. Kiini kina mafuta, vitamini E na vitamini za kundi B.

Kiini hicho ndicho kilichowasumbua wafanyabiashara wa unga, kwa sababu mafuta yake huchacha. Zamani ngano iliposagwa kwa mawe, kiini kilisagika pamoja na vingine na unga haukudumu. Mwishoni mwa karne ya 19 mashine za rola za chuma zilipoenea Ulaya na Amerika, ikawa rahisi kukitenga, na unga mweupe ukaweza kukaa ghalani na kusafiri baharini kwa miezi. Kwa mpishi wa leo habari hii ina maana moja ya wazi. Unga wa ngano nzima ukisahauliwa kabatini kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa utaanza kunuka mafuta ya zamani, na mkate wake utaacha uchungu ulimini. Nunua kidogo kidogo, na kama una friji, weka humo.

Sasa tarakimu, zikichukuliwa kama wastani kwa kuwa aina ya ngano na udongo ilikolimwa huzibadilisha. Gramu 100 za unga wa ngano nzima zina nyuzinyuzi karibu gramu 10.7, unga mweupe usioongezewa kitu una gramu 2.7. Chuma ni miligramu 3.6 dhidi ya 1.2, magnesiamu 137 dhidi ya 22, zinki 2.6 dhidi ya 0.7. Protini ni gramu 13 kwa 10. Nishati ni kilokalori 340 kwa 364, yaani karibu sawa. Wanaohamia mkate huu kwa nia ya kupunguza uzito waitazame vizuri tarakimu hiyo ya mwisho. Mkate wa ngano nzima unashibisha zaidi, na hapo ndipo unapoweza kusaidia, lakini slesi kwa slesi haupungukiwi sana kalori.

Tuuchukue mkate mmoja wa kawaida wa nyumbani: unga gramu 500, maji mililita 350 hivi, vijiko viwili vikubwa vya mafuta, kijiko kimoja kikubwa cha sukari, kijiko cha chai cha chumvi, na hamira. Ukishaiva na kupoa, ukaukata slesi 16, kila slesi itakuwa na uzito wa karibu gramu 50, kilokalori 125, protini gramu 4 na nyuzinyuzi gramu 3.3. Mkate kama huo huo wa unga mweupe haufikishi gramu 1 ya nyuzinyuzi kwa slesi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, kwa hiyo slesi tatu za asubuhi zimeshampa gramu 10. Kwa watu wa mijini, ambao siku nzima inaweza kupita kwa chapati, wali, chipsi na maandazi, hicho si kiasi cha kudharau.

Nyuzinyuzi za ngano nyingi haziyeyuki kwenye maji. Huvuta maji zikavimba, zikaongeza ujazo wa choo na kukifanya kisafiri upesi, na ndiyo maana mkate huu ni dawa nzuri ya kumsaidia aliyefunga choo mradi mlaji anywe maji ya kutosha. Sehemu nyingine huchachushwa na bakteria wa utumbo mpana, kazi yenye faida kwa afya ya utumbo. Aliyezoea mkate mweupe akirukia slesi sita za ngano nzima siku ya kwanza atajaa gesi. Tumbo linataka wiki chache za kuzoea. Kwa muda mrefu zaidi, tafiti zilizofuatilia watu wengi kwa miaka zinaonyesha kwamba walaji wa nafaka zisizokobolewa huugua kwa uchache magonjwa ya moyo, kisukari cha aina ya pili na saratani ya utumbo mpana. Ni kweli kwamba watu hao mara nyingi wana na tabia nyingine njema, lakini matokeo yamejirudia mahali pengi mno kiasi kwamba mimi nayachukulia kwa uzito.

Rangi ya mkate haithibitishi kitu. Mkate wa brauni unaweza kuwa wa unga mweupe uliotiwa rangi ya karameli, au uliorudishiwa pumba kidogo bila kiini. Unga wa atta nao hutofautiana: upo uliosagwa punje nzima, na upo uliochekechwa ukaacha pumba nusu. Soma orodha ya viambato kwenye mfuko na utazame mstari wa nyuzinyuzi. Unga wa punje nzima unaonyesha gramu 10 au zaidi kwa kila gramu 100. Ukikuta 4 au 5, huo umekobolewa, hata kama mfuko una picha ya masuke.

Hapa lazima nilisemee jambo ambalo wapenzi wa vyakula vya asili hawapendi kulisikia. Tangu 2011 nchini Tanzania na 2012 nchini Kenya, sheria zinavitaka viwanda vikubwa vya unga viongeze virutubishi kwenye unga wa ngano, vikiwemo chuma, zinki na asidi ya foliki, vitamini ya kundi B ambayo umbo lake la asili kwenye vyakula huitwa foleti. Unga mweupe wa kiwandani uliorutubishwa hivyo unaweza kuwa na asidi ya foliki nyingi kuliko ngano uliyoipeleka mwenyewe kwenye mashine ya mtaani. Ngano nzima ina foleti ya asili mikrogramu 44 tu hivi kwa kila gramu 100 za unga, na moto wa kuoka unapunguza sehemu ya hiyo. Mwanamke anayetarajia kushika mimba anashauriwa mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, kwa sababu mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 za kwanza, kabla hata mama hajajua ana mimba. Usipofunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Kwa hiyo, dada aliyeacha unga wa dukani kabisa na kuhamia ngano ya kusagisha asidhani kwamba mkate umemtosheleza katika hili. Ale mchicha, matembele na maharage, na vidonge vya foliki avipate kliniki.

Nyumba nyingi naona zingefaidika kwa kuchanganya nusu kwa nusu: unga wa ngano nzima na unga mweupe uliorutubishwa. Nyuzinyuzi zinabaki zaidi ya gramu 2 kwa slesi, foliki inaingia, mkate unaumuka vizuri zaidi, na watoto hawaugomei.

Tuje kwenye fundo lenyewe. Ndani ya pumba kuna kitu kiitwacho faiteti, ghala ambamo mmea huhifadhi fosforasi kwa ajili ya mche wake. Tumboni mwa binadamu, faiteti hushikamana na chuma na zinki kwa nguvu, na madini hayo yanapita hadi chooni bila kufyonzwa. Hivyo ganda lile lile lililobeba madini limebeba pia kizuizi chake.

Madhara yake yalionekana waziwazi nchini Iran. Mwaka 1961 daktari Ananda Prasad na wenzake walieleza habari za vijana wa vijijini karibu na mji wa Shiraz, wenye umri wa miaka 20 hivi lakini wenye maumbo ya watoto wa miaka kumi, hawajabalehe, na damu yao imepungua vibaya. Chakula chao karibu chote kilikuwa mkate wa ngano nzima usioumuliwa, nyama kwao ilikuwa nadra, na wengi walikula udongo, tabia isiyokuwa ngeni kwetu pia. Utafiti uliofuata nchini Misri ulithibitisha kwamba vijana wa namna hiyo walipungukiwa zinki, na walipopewa zinki walianza kurefuka na kubalehe. Kabla ya hapo madaktari hawakuamini kwamba binadamu anaweza kupungukiwa zinki, kwa kuwa ilidhaniwa iko tele kwenye vyakula vyote. Simulizi hii haimtishi mtu anayekula mkate pamoja na dagaa, maziwa na mboga. Inamhusu yule ambaye mkate ndio karibu mlo wake wote.

Dawa ya faiteti iko ndani ya unga wenyewe. Ngano ina kimeng'enya kinachoivunjavunja faiteti ili mche uitumie fosforasi unapoota. Unga ukilowa, kimeng'enya hicho huamka na kuanza kazi, na hufanya vizuri zaidi donge likiwa na joto la wastani na uchachu mdogo, pH ya karibu 5.5. Muda nao una nguvu. Donge lililoharakishwa kwa hamira nyingi na kuingia motoni baada ya saa moja limebaki na faiteti nyingi. Lililolala usiku, au lililoumuliwa kwa chachu ya asili, limepoteza sehemu kubwa. Chapati ya ngano nzima iliyopumzika nusu saa tu iko upande wa kwanza. Ina nyuzinyuzi zake zote, lakini chuma na zinki yake ni vigumu zaidi kuvipata.

Jikoni inafanyika hivi. Jioni changanya nusu ya unga na maji yake pamoja na hamira kidogo sana, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili, kwa sababu usiku wa pwani ni wa joto na hamira ya kawaida ingelivimbisha donge likaporomoka kabla ya alfajiri. Funika. Asubuhi utakuta mchanganyiko umejaa mapovu na una harufu ya uchachu. Ongeza unga uliobaki, chumvi, mafuta na hamira nyingine kidogo, kanda, liumuke tena, kisha oka. Wengine hubakiza kipande cha donge la leo, wakakiweka kwenye friji, na kukichanganya kwenye la kesho kutwa. Kila likirithishwa, uchachu unaongezeka.

Kuna hatua moja inayoharibu mikate mingi ya ngano nzima. Pumba hunywa maji polepole. Dakika tano za kwanza donge linanata mikononi na linaonekana limezidi maji, na mkandaji anaongeza unga ili likae sawa. Baada ya nusu saa pumba zimeshashiba, donge limekaza, na mkate unatoka mzito na mkavu, wa kumeza kwa taabu. Liache linate. Lifunike dakika 20 au 30, rudi, paka mafuta viganjani, na utaona limeshikana lenyewe. Pumba pia zina ncha zinazokata nyuzi za gluteni, protini ya ngano inayolishikilia donge, kwa hiyo mkate huu hautapanda hadi urefu wa mkate mweupe hata ufanyeje. Asiye na oveni anaweza kutumia jiko la mkaa: mchanga kidogo chini ya sufuria kubwa, bati la mkate juu ya mchanga, mfuniko wenye makaa juu yake, na moto wa juu uzidi wa chini. Mkate umeiva ukiugonga tako ukalia wazi.

Baada ya kazi yote hiyo, mtu anaketi na kikombe cha chai ya rangi na kuipoteza faida. Chai ina viambata vinavyokamata chuma cha mimea. Katika majaribio yaliyochapishwa 1999, watu waliokula mkate kwa chai walifyonza chuma pungufu kwa asilimia 79 hadi 94 kuliko walipoula kwa maji, na kutia maziwa hakukubadilisha sana mambo. Najua chai na mkate ni ndugu kwetu, na simwambii mtu aache. Ila kwa mjamzito, kwa msichana aliyeanza kuona siku zake, kwa mtoto na kwa yeyote aliyeambiwa hospitali kwamba damu yake iko chini, chai isogezwe angalau saa moja baada ya mkate. Kwenye mlo wenyewe pawepo chungwa, pera, embe au papai, kwa sababu vitamini C hufanya kinyume cha chai: inakifanya chuma kiwe rahisi kufyonzwa.

Wenye kisukari mara nyingi huambiwa "kula brauni" na shauri linaishia hapo. Kwenye kipimo cha jinsi chakula kinavyopandisha sukari ya damu, ambapo glukosi ni 100, mkate mweupe una wastani wa 75 na mkate wa unga wa ngano nzima 74. Tofauti haipo. Sababu ni kusaga: punje ikishakuwa vumbi, wanga wake uko wazi kwa vimeng'enya vya tumbo, pumba ziwepo zisiwepo. Mikate yenye punje zinazoonekana ndani yake hushuka hadi 53 hivi. Kwa hiyo loweka ngano nzima usiku, ichemshe ilainike, kisha kanda konzi moja au mbili ndani ya donge. Uchachu wa donge lililolala nao hupunguza kasi ya sukari, na kuula mkate kwa mayai, maharage au mboga badala ya jemu kunasaidia zaidi. Idadi ya slesi bado lazima ihesabiwe.

Protini ya ngano ni nyingi kidogo lakini ina pengo: lisini, moja ya amino asidi ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, imo kwa uchache. Maharage yanayo kwa wingi. Wazanzibari wanaokula mkate kwa maharage ya nazi wanaliziba pengo hilo kila asubuhi. Maziwa, mayai na dagaa hufanya kazi ile ile.

Chumvi nayo isipite. Kijiko kimoja cha chai kwenye mkate wa slesi 16 ni kama gramu 0.4 kwa slesi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, na mkate ni mahali ambapo chumvi hujificha bila ulimi kuishtukia. Kupunguza hadi nusu kijiko kunawezekana. Donge litaumuka haraka zaidi, basi lichunge.

Ili tusiupambe mkate huu kupita kiasi, inafaa kuukumbuka utafiti wa Waingereza Elsie Widdowson na Robert McCance nchini Ujerumani baada ya Vita vya Pili. Mwaka 1947, katika vituo vya watoto yatima vya Duisburg na Wuppertal, waliwapa watoto wenye njaa mikate ya aina tano, kuanzia ngano nzima hadi mweupe ulioongezewa virutubishi. Mkate ulikuwa kama robo tatu ya nishati yao, pamoja na mboga. Walitarajia kuona tofauti kati ya makundi. Watoto wote walikua vizuri, na makundi yakalingana. Wingi wa chakula na mboga za pembeni vilifanya kazi kubwa kuliko rangi ya mkate. Lakini watafiti wale walikuwa wanapima ukuaji wa watoto, si moyo na utumbo wa mtu wa miaka 55, na huko ndiko ngano nzima inakoonyesha faida yake.

Wapo wasioufaa kabisa: mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye gluteni inamharibu utumbo, haokolewi na ngano ya aina yoyote. Mtoto chini ya miaka miwili ana tumbo dogo; nyuzinyuzi nyingi humjaza kabla hajapata nishati ya kutosha, kwa hiyo kwake mkate huu uwe kidogo, pamoja na mayai, maziwa au parachichi.

Neno la mwisho ni kwa wanaonunua ngano sokoni na kuisagisha. Ganda ndilo linaloguswa na dawa za ghalani, vumbi na ukungu, na wewe unakwenda kulila. Pepeta, chambua, tupa punje zilizosinyaa au zenye madoa ya ukungu, osha na uanike kwenye jua hadi zikauke vizuri kabla ya kusaga. Usinunue kamwe ngano yenye rangi ya waridi au ya kijani, kwani hiyo ni mbegu iliyotiwa dawa kwa ajili ya shamba. Nchini Iraq, kati ya 1971 na 1972, familia za vijijini zilioka mikate ya nyumbani kwa ngano ya mbegu iliyotiwa dawa yenye zebaki na kupakwa rangi. Wengine waliosha punje hadi rangi ikatoka wakaamini sumu nayo imetoka. Watu zaidi ya 6,500 walilazwa hospitalini na 459 walikufa. Muuzaji akikwambia rangi hiyo inaisha kwa kuosha, mrudishie ngano yake.